Miwani ya uhalisia pepe isimwache kijana mlangoni mwa hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya makala mliyochapisha kuhusu tiba ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwingiza mtu katika dunia iliyotengenezwa na kompyuta, kwa vijana wa umri wa balehe waliofikia hatua ya kutaka kujiua wakaokolewa. Mimi ni mshauri nasaha, na vijana hao ndio kazi yangu. Nimefurahi kwamba mmeligusa jambo hili, tena kwa heshima, bila kusimulia kijana alitaka kujidhuru kwa njia gani. Ila makala ilitumia nafasi kubwa kusifu ufukwe tulivu na msitu wenye sauti za ndege anaoonyeshwa kijana akivaa ile miwani. Hapo ndipo ninapotaka kuongeza neno, maana kijana akiruhusiwa kutoka hospitalini harudi ufukweni. Anarudi darasani, kwa wenzake waliokwisha kunong'ona, na nyumbani ambako kila mtu anamtazama kwa hofu.

Siyapingi mandhari tulivu. Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba mgonjwa aliyeungua moto, akivalishwa miwani hiyo na kuingizwa katika dunia ya theluji arushe mipira ya theluji huku anasafishwa vidonda, husikia maumivu machache zaidi. Akili iliyoshughulishwa haibaki na nafasi kubwa ya kuyasikiliza maumivu. Lakini kusafisha kidonda kuna mwisho wake: bandeji ikifungwa, shughuli imekwisha kwa siku hiyo. Yaliyomfikisha kijana wetu hapo alipofika, mara nyingi mchanganyiko wa sonona, aibu, kuonewa na wenzake, ugomvi wa nyumbani na mengine asiyoweza hata kuyataja, hayaondoki miwani inapovuliwa. Utulivu wa ufukweni unafaa pale kijana anapokuwa amechafukwa kiasi kwamba hawezi kusikia anachoambiwa. Akipumua polepole kwa dakika chache, mwili ukatulia, mazungumzo yanawezekana. Basi mazungumzo yaanze.

Nguvu ya kifaa hiki ambayo makala iliigusa kwa sentensi moja tu ni mazoezi. Mtu aliyevaa miwani anajua fika kwamba anachokiona hakipo, lakini moyo unamwenda mbio na viganja vinalowa jasho vilevile. Picha inageuka anapogeuza kichwa, na mwili unaamini. Kwa hiyo jambo linalomtisha linaweza kuletwa chumbani, likapunguzwa makali, likasimamishwa katikati, likarudiwa mpaka lizoeleke. Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walifanya hivyo na watu 346 wenye saikosisi, maradhi ya akili yanayomfanya mtu apoteze mguso na uhalisia, wengi wao wakiwa wanaogopa hata kutoka nje. Waliingizwa kwenye mkahawa, dukani, ndani ya basi, barabarani, katika chumba cha kusubiria daktari. Matokeo yalichapishwa 2022, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wamejifungia kuliko wote.

Sasa mfikirieni kijana wa miaka kumi na mitano anayerudi shule wiki ijayo. Ndani ya miwani yuko kwenye ukumbi wa madarasa, kengele imelia, na mwenzake anamjia: "Mbona ulipotea? Tumesikia ulikuwa hospitali." Mara ya kwanza huenda akakosa la kusema. Mshauri aliyeketi kando yake anasimamisha, wanazungumza, wanarudia. Mara ya tatu anajibu: "Nilikuwa naumwa, sasa naendelea vizuri. Nitakueleza siku nyingine." Jibu fupi, la kweli, linalomwachia siri yake. Nimewaona vijana wakikosa usingizi kwa ajili ya swali hilo moja, na watu wazima wengi hawana habari kwamba linawasumbua.

Kisha ipo mandhari nyingine, nzito zaidi, ambayo ningeitanguliza kama ningeulizwa. Ni usiku, yuko chumbani peke yake, na yale mawazo yamerudi. Zoezi ni kuinuka, kufungua mpango wake wa usalama, yaani karatasi ya hatua za kufuata hali inapoharibika, kutoka chumbani, kwenda alipo mzazi na kusema: "Mama, yale mawazo yamerudi." Kwa kijana hakuna maneno magumu kutamka kuliko hayo. Hamu kali ya kujiua mara nyingi hupanda kisha ikashuka, na kinachotakiwa ni kijana avushwe ile saa mbaya akiwa na mtu. Natamani maneno hayo ayazoee mdomoni kabla hajayahitaji. Ila naomba kitu kimoja kwa wanaotengeneza programu hizi: mandhari zichaguliwe pamoja na kijana, na asirudishwe kamwe kwenye siku yenyewe ya mkasa wake kwa kisingizio cha mazoezi.

Tafiti za uhalisia pepe kwa kundi hili mahsusi bado ni chache na ndogo, na wasomaji wanapaswa kulijua hilo. Yenye ushahidi mzito zaidi ni tiba iliyoasisiwa na mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, inayomfundisha mtu kustahimili hisia kali bila kujidhuru. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha vijana 173 wenye historia ya kujaribu kujiua na kujiumiza. Waliopata tiba hiyo kwa miezi sita walijaribu kujiua mara chache zaidi kuliko waliopata ushauri wa kuwaunga mkono tu. Lakini tazameni ilikuwa na nini ndani yake: mshauri wa kijana mmoja mmoja, mafunzo ya pamoja na wazazi, na namba ya kupiga mambo yanapochacha kati ya kikao na kikao. Miwani ikiwa chombo cha kumfanyisha kijana mazoezi ya stadi hizo, naiunga mkono kwa moyo wote. Ikinunuliwa iwe badala yake, naipinga.

Na hofu yangu kubwa ni hiyo. Kifaa kinapigwa picha, mtu wa kumpigia kijana simu kumjulia hali hapigwi picha. Wakati wa hatari zaidi huanza siku kijana anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Uchambuzi uliounganisha tafiti mia moja, uliochapishwa 2017 katika jarida la JAMA Psychiatry, ulikuta kwamba katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya magonjwa ya akili, kiwango cha kujiua kilikuwa karibu mara 100 ya kile cha watu wote duniani. Mzazi asiogopeshwe na takwimu hiyo. Walio wengi sana wanatoka na wanaishi. Lakini inatuambia msaada uelekezwe wapi.

Msaada wenyewe wala hauhitaji mitambo. Daktari Jerome Motto wa San Francisco, kuanzia 1969, aliwaandikia barua fupi wagonjwa waliotoka hospitalini na kukataa kuendelea na matibabu: tunatumaini mambo yanakwenda vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakuwadai chochote. Kati ya watu 843 waliofuatiliwa, walioandikiwa walikufa kwa kujiua wachache zaidi kuliko wasioandikiwa, hasa katika miaka miwili ya kwanza. Watafiti Barbara Stanley na Gregory Brown nao walibuni mpango wa usalama wa aina niliyoitaja, karatasi ambayo mgonjwa anaijaza pamoja na mtaalamu: dalili kwamba hali inaharibika, cha kufanya kujituliza, nani wa kumpigia, wapi pa kukimbilia, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari nyumbani. Karatasi hiyo pamoja na simu za kumjulia hali, walipopewa wanajeshi wastaafu wa Marekani, iliambatana na upungufu wa asilimia 45 wa matendo ya kutaka kujiua ndani ya miezi sita. Hao walikuwa watu wazima, lakini sioni sababu ya kijana kunyimwa simu hiyo.

Neno fupi kuhusu siri. Miwani hii inarekodi jinsi kichwa na mikono inavyosogea, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mienendo ya chini ya dakika tano ilitosha kwa kompyuta kumtambua mtu sahihi kati ya 511, mara 95 kwa kila 100. Kumbukumbu za kijana aliyetaka kujiua zisikae mikononi mwa kampuni ya michezo ya kompyuta. Kabla ya kununua, hospitali iandikiane mkataba juu ya nani anazishika na lini zinafutwa.

Kwa wazazi wanaosoma: muulizeni mtoto waziwazi kama ana mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo ambalo hakuwa nalo. Vijana wengi huniambia walikuwa wanangoja kuulizwa. Na kama msomaji mwenyewe ndiye mwenye mawazo hayo leo, tafadhali usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, au nenda hospitali yoyote iliyo karibu ukawaeleze hivyo hivyo.

Mhariri, mwandishi wenu atakaporudi kwenye vituo vinavyotoa tiba hii, namwomba asiishie chumba chenye miwani. Aulize siku kijana anapoirudisha na kufungasha nguo zake, ni nani atakayempigia simu, baada ya siku ngapi, na huyo mtu analipwa kutoka fungu gani. Majibu yake tungependa kuyasoma.

Wako,
Mshauri nasaha wa vijana