Wanamaji walikuwa Nairobi pia

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Nairobi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yaliwataja askari wa nchi kavu na ndege za Eastleigh, yakawasahau wanamaji. Najua msomaji atacheka: wanamaji Nairobi, wakaogelee Mto Ngong?

Aprili 1942 ndege za Wajapani, zilizoruka kutoka kwenye manowari, zilishambulia Colombo na Trincomalee, bandari za kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, zikaizamisha Hermes, manowari ya Waingereza ya kubeba ndege. Kikosi cha manowari za Waingereza chini ya Admirali James Somerville kikahamia Kilindini, Mombasa. Sasa, ndege za meli hazikai melini siku zote. Enzi zile meli ilibidi iwe mbioni, imekabili upepo, ndipo ndege iruke vizuri sitahani. Kwa hiyo kabla ya kuingia bandarini, ndege ziliruka kwenda kutua nchi kavu, marubani wakaendelea na mazoezi, mafundi wakashika spana. Bila uwanja wa ndege nchi kavu, manowari ya namna hiyo ikitia nanga ni kama imefungwa mikono.

Waingereza wakavipa vituo vyao majina ya Kiswahili: Kilindini kikawa Kipanga, Tanga kikawa Kilele, na Nairobi, kwenye karakana ya ndege za wanamaji, kikawa Korongo. Kila kimoja kilitanguliziwa HMS, yaani Meli ya Mfalme, kana kwamba ni meli. Kwa desturi yao, baharia akitoka langoni kwenda mjini husema anashuka pwani. Nairobi!

Nilikuwa fundi wa ndege Uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka 31. Ndege iliyolala Pwani muda mrefu utaijua mara moja: unafungua bamba la bawa, unga mweupe unakumwagikia mkononi. Ni chumvi imekula alumini. Na Swordfish, ndege ya wanamaji hao iliyobeba topido, kombora la kuzamisha meli, ilikuwa fremu ya chuma iliyovikwa kitambaa, mabawa yakikunjwa nyuma kama ya nzige ili ienee melini. Mimi ningepewa kitu hicho nikifungue chote, ningeomba niletewe huku kwenye hewa kavu, hata kama ni kwa treni.

Baadaye meli zilirudi Ceylon, na habari zikaondoka nazo.

Mkichapa sehemu ya pili, tafadhali lipeni jina la Korongo hata mistari miwili. Wajukuu wangu wanadhani ni wale tu wanaochafua magari pale mzunguko wa Nyayo.

Fundi mstaafu,
Lang'ata, Nairobi