Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Chupa Haina Jina

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kayole, Nairobi. Mimi ni mama mboga, nauza sukuma, nyanya na dania hapa kando ya barabara huu mwaka wa 11, na sijawahi kuandikia mkubwa yeyote barua. Leo naandika kwa sababu wiki jana nusura nimzike ndugu yangu.

Huyu mdogo wangu analima nyanya kwa shamba la kukodi karibu na mto huko Njiru. Wadudu wanaoitwa Tuta walikuwa wameingia, wale wanatoboa nyanya mpaka ndani, akaenda duka la dawa za shamba na kwa vile hakuwa na pesa ya chupa nzima akapimiwa. Mheshimiwa, unajua kupimiwa? Unaenda na chupa yako ya soda, muuzaji anakumiminia kutoka kwa mtungi, anafunga, anakwambia hii ni kali, weka vizibo viwili kwa pampu ya lita 20. Basi. Hakuna lebo, hakuna jina, hakuna siku za kungoja kabla ya kuvuna, hata lile fuvu la kuonya watu halipo. Akapuliza asubuhi bila glavu wala maski, pampu inavuja inamlowesha mgongo. Saa nane mchana nikampata ameketi chini, mate yanamtiririka kama mtoto anayeota meno, jasho, mikono inatetemeka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Hospitalini daktari aliuliza, amepuliza dawa gani? Nikampa chupa ya soda. Akaigeuzageuza, akauliza tena jina ni gani, na mimi nikanyamaza kwa sababu ningesema nini. Walimtibu kwa kuangalia dalili, wakasema inaonekana ni zile dawa zinazoshika mishipa ya fahamu, na Mungu akasaidia akatoka siku ya nne. Mimi nashuku ni kloripirifosi, ile dawa ya wadudu Ulaya waliikataza 2020, na 2025 mataifa yakakubaliana kule Geneva iingie kwa orodha ya sumu za kuondolewa duniani. Lakini nashuku tu. Nitajuaje na chupa haina jina?

Na kinachoninyima usingizi ni kwamba hizo nyanya zake ni mimi nauza. Nimeuza nyanya zilizopulizwa Jumanne zikavunwa Alhamisi, nikiona unga mweupe nafuta na leso naendelea kupanga. Kuna msichana jirani ana mimba ya miezi saba, kila jioni huja kuchukua za hamsini, huzila mbichi na chumvi akiwa amesimama hapo hapo. Sikujua, Mheshimiwa. Pampu nayo tunaoshea mtoni, wenye ng'ombe wananywesha hapo chini, maji yanaingia mto Athi yanashuka mpaka Sabaki, mpaka bahari ya Malindi.

Sheria ya dawa za wadudu iko, Sura 346 ya sheria za Kenya, tangu 1982, inasema dawa isiuzwe bila kusajiliwa na kuwekwa lebo. Mwaka wa 2019 Mheshimiwa Gladys Shollei alipeleka ombi Bungeni kuhusu hizi sumu. Katiba kifungu cha 42 inanipa mazingira safi, cha 43 inanipa chakula cha ubora unaofaa. Na mwaka jana maafisa walikuja kwa baraza letu, wakaandika majina na namba za simu zetu, wakaahidi kabla ya mvua ya masika maduka yote ya dawa za shamba yatakaguliwa. Masika ilinyesha ikaisha. Simu yangu huwa haizimwi na hakuna mtu amepiga.

Najua wakulima wadogo hawawezi kununua chupa nzima, ndiyo maana wanapimiwa, kwa hivyo usinijibu kwamba wafunzwe tu. Lazimisheni kampuni zifunge chupa ndogo zenye lebo ya Kiswahili, na huku kupima kwa chupa za soda kukome. Kukome kabisa. Sijaomba barabara, sijaomba mkopo, naomba hiyo tu.

Chupa bado ninayo. Nimeifunga na karatasi mbili nikaiweka juu ya kabati mahali watoto hawafiki, na kuna kama robo imebaki. Tafadhali Mheshimiwa, tuma mtu aichukue, ipimwe, mtuambie ndani kuna nini.

Mama mboga, Kayole