Barua kwa mwanangu: udongo uliokuwa kwenye mkoba wako

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi hapa nyumbani hatujambo. Mguu wa baba yako umepoa, ameanza tena kwenda shamba asubuhi. Mbuzi wa jirani walikula mihogo yetu ya uani, tukagombana, tukapatana.

Barua hii nimeificha kwenye ndoo ninayokutumia kwa basi, chini ya machungwa, kwa makusudi. Ningekurekodia sauti kwenye simu ungeisikiliza nusu ukiwa umesimama kwenye daladala, kisha ungeniandikia "sawa mama" na mambo yakaishia hapo. Karatasi utaisoma, hata kama ni kwa umbea tu.

Ni juu ya ule udongo.

Ulipokuja Idi ukaniambia nikutolee chaja kwenye mkoba, nilikuta kipande cha gazeti kimesokotwa kama kifungu cha karanga. Nikadhani ubuyu. Kufungua, pemba, ule udongo wa kula! Vijiti vitatu vizima, cha nne kimeng'atwa, na vumbi lake limeenea mpaka kwenye kitana. Sikusema kitu kwa sababu wageni walikuwa sebuleni. Nikafunga, nikarudisha. Lakini usiku ule usingizi haukunijia, nilikuwa napiga hesabu. Udongo. Kuchoka kila siku. Vile ulivyoshika ukuta ukipanda ngazi za kwa mama yako mdogo pale Tanga mjini, wewe uliyekuwa ukikimbia na ndoo kichwani. Nikikutazama ndani ya kope, peupe kama karatasi.

Kwanza niliwaza wanachowaza mama wote binti akila udongo. Kama ndivyo, niambie mapema, sitagomba. Nitafurahi kwanza, ya nani na nani tutaongea baadaye. Lakini hamu hiyo si ya wajawazito peke yao. Mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini anaweza kutamani vitu ambavyo si chakula: udongo, mchele mbichi, wengine hutafuna barafu mchana kutwa. Na ubaya ni kwamba udongo haumlipi alichokosa. Ukiwa tumboni unaweza kuyakamata hata yale madini kidogo yaliyomo kwenye chakula, yakapita bila mwili kuyapata. Halafu hujui umechimbwa wapi, una mayai ya minyoo au una madini ya risasi, yale yenye sumu.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sikuwahi kukusimulia sawasawa. Mwaka 2004, wewe uko darasa la kwanza, nilichoka miezi nane. Si uchovu wa jembe. Ule ukilala unakwisha. Huu nilikuwa naamka nao. Nikifua shuka moja nakaa kizingitini nahema kama niliyekimbizwa na ng'ombe. Kila aliyeniona alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema rozela, nikachemsha rozela mpaka sufuria ikashika rangi. Mwingine akasema matembele: twanga, kamua, kunywa maji yake ya kijani bila kuvuta pumzi. Mwingine tena akaniuzia unga kwenye chupa ya soda, unaosafisha damu, kuongeza damu na kurudisha nyota iliyopotea, vyote kwa kijiko kimoja cha chai. Nilikunywa vyote, mwanangu. Siku niliyoanguka bombani, ndoo ikanimwagikia, ndipo baba yako akaazima baiskeli tukaenda hospitali.

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma sita. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na kumi na mbili kwenda juu. Na sababu wala haikuwa chakula. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, hedhi inatoka siku tisa, usiku naamka kubadilisha vitambaa. Kwa kuwa bibi yako naye alikuwa hivyo hivyo, niliona ndivyo ukoo wetu ulivyoumbwa, wala sikumweleza mtu. Wajomba zako wawili walijitolea damu, nikafanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache nilikuwa nabishana na baba yako kama zamani.

Rozela haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa najaza ndoo yenye tundu.

Kwa hiyo kabla hujagusa kilichomo kwenye kifurushi hiki, wiki hii nenda kapime wingi wa damu. Kidole kinachomwa kidogo tu, mbona kutobolewa masikio ulivumilia. Mweleze daktari ukweli wote: hedhi inakaa siku ngapi, pedi unabadilisha baada ya muda gani, udongo unakula tangu lini. Usione haya, amesikia makubwa kuliko hayo. Mwulize na malaria, sukari, tezi ya shingo, naye ataona kipi cha kupima. Maana si kila aliyechoka amepungukiwa damu, na si kila aliyepungukiwa damu anahitaji chuma. Mwenye selimundu, kwa mfano, hajitibii tu kwa vidonge vya dukani. Na kama moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, au choo kimekuwa cheusi, au unakonda bila sababu, usingoje wiki. Nenda kesho.

Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, kunywa na chungwa, si na chai. Choo kitabadilika rangi kiwe cheusi. Kikibadilika baada ya vidonge usitishike, ni hivyo vidonge. Tumbo likikusumbua rudi ukaseme, wengine huambiwa wanywe siku moja waruke moja na mambo yakaenda. Usiviache wiki ya tatu kwa kuwa umeanza kucheka. Damu hupanda kwanza, akiba ya mwilini hujaa baadaye, inachukua kama miezi mitatu.

Haya, sasa chai.

Najua nagusa pabaya. Sisi ni watu wa chini ya milima ya Amani, chai inalimwa juu ya vichwa vyetu, na mimi mwenyewe asiponiamsha jogoo huniamsha birika. Sikuambii uiache. Lakini nimekuangalia siku nne za Idi: asubuhi chapati na chai ya rangi, mchana wali maharage na kikombe cha chai pembeni, usiku tena. Na huko Dar uliniambia mama lishe wako anakuwekea chai kabla hujaagiza. Ule ukakasi wa chai, unaokausha ulimi, ndio unaoyashika madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga, mwili ukaambulia nusu au chini ya hapo. Kuweka maziwa hakuiponyi, na kahawa ni ndugu yake. Isogeze tu. Kula, acha saa nzima ipite, kisha kunywa chai yako kwa raha zako ukiwa kazini. Mezani weka maji, au menya chungwa.

Chungwa ndiyo sababu ndoo ni nzito. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maini, nyama na samaki mwili huyapokea kwa wepesi. Yaliyomo kwenye mchicha, kunde na maharage ni mabishi, yanataka kusukumwa, na vitamini C ndiyo inayoyasukuma. Unamkumbuka bibi yako akiwa na mchicha wake? Anaukata wakati sufuria iko motoni, si kabla. Anautia, anageuza mara tatu, anaepua ukingali kijani. Halafu anachukua ndimu, anaiviringisha kwanza kwenye jiwe kwa kiganja mpaka ilainike, anaikata, anaikamulia juu mboga ikiwa tayari kwenye bakuli. Tulidhani ni madaha. Kumbe moto unaiua ile vitamini, na yeye bila kusoma popote alikuwa anaitia mahali moto haufiki. Fanya hivyo hivyo. Na usimwage maji ya mboga, punguza tu unayotia.

Ukiongeza dagaa kidogo kwenye mboga hiyo hiyo, samaki anaisaidia mboga nayo ipokelewe. Nimekuwekea nusu kilo, nimeshawatoa vichwa na kuwakaanga kwa chumvi, hawahitaji kitu. Maharage loweka usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Ni kazi ya dakika mbili kabla ya kulala, muda ule ule unaotazama simu.

Tukishafika kwenye simu nisikuache. Unatoka Chanika saa kumi na nusu alfajiri uwahi Kariakoo, na saa sita usiku bado uko "online", mdogo wako ananionyesha. Hapo huhitaji mganga, unahitaji kulala. Badala yake unanunua kopo la enaji saa kumi jioni ili ufunge duka ukiwa macho. Kopo dogo lina kafeini kama miligramu 80 na sukari vijiko sita hivi vya chai, na kwa watu wengi baada ya masaa matano nusu ya kafeini hiyo bado inazunguka mwilini. Yaani unafika kitandani ukiwa bado umeinywa. Asubuhi umechoka, jioni unanunua lingine. Jaribu wiki mbili bila kopo. Siku tatu za kwanza kichwa kitagonga, usiseme sikukuambia.

Na maji. Hili najua kwa nini hunywi, hata hujaniambia: foleni ya magari ya masaa mawili na nusu, na choo cha pale dukani ambacho ulisema bora mtu ajizuie. Wanawake wengi wa Dar wanaishi hivyo, na kichwa kinachowauma alasiri huenda ni kiu. Kunywa glasi mbili ukifika kazini, ukiwa karibu na choo cha msikitini ulichosema ni kisafi, kisha kidogo kidogo mchana. Saa moja kabla ya kupanda gari, punguza. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, bado.

Rozela nimekuwekea pia, kwa sababu unaipenda, lakini ijue ilivyo. Wekundu wake ni rangi ya ua, kama wekundu wa bitiruti ni rangi ya mzizi. Damu haitengenezwi kwa kufanana rangi. Kwa wengine inashusha presha kidogo, kwa hiyo ukiona kizunguzungu usijizidishie. Kopo la bluu ni majani ya mlonge, nimeyakausha kivulini siku tano na kuyatwanga mwenyewe. Ni mboga tu iliyokauka. Kijiko kimoja kwenye uji ukishaepua, basi. Mizizi na magome yake usiguse, hata akikushauri mtu mwenye ndevu ndefu.

Wale wanaopanda kwenye basi na spika, wa "chupa moja maradhi ishirini", wape shikamoo tu. Kuna dawa zilizouzwa kama za asili zikakutwa zimechanganywa na dawa za hospitali kimya kimya. Mtu anapata hamu ya kula, uso unanawiri, anasifu mizizi, kumbe anameza kitu ambacho daktari angempa kwa kipimo na kumwangalia. Hata mwarobaini wetu wa mlangoni, pamoja na jina lake, usiuchemshe kila siku. Na kama lile jambo la kwanza nililowaza ni kweli, mwarobaini usiuguse kabisa, na maini usiyale kila siku.

Dawa ya minyoo umekunywa lini? Wazee walikuwa wakimwona mtu kapauka, kavimba uso, wanasema ana safura, na mara nyingi walikuwa sahihi: ile minyoo inaingilia nyayoni, inakaa tumboni inanyonya damu. Ulizunguka shambani peku siku zote nne, nilikuona. Mwulize daktari na hilo.

Konda wa basi la saa mbili nimeshamlipa mzigo, kama amekudai niambie. Mzigo mwingine kapokee mwenyewe stendi ya Mbezi, usimtume yule rafiki yako, mara ya mwisho machungwa yalifika kumi na moja. Kopo la bluu ukimaliza lirudishe, ni la baba yako la misumari, anadhani limepotea. Na ule udongo usiutafute. Vijiti viwili niliviiba asubuhi unaondoka, nikavitupa kwenye mgomba.

Majibu ya kipimo nitumie yalivyo, namba yenyewe, usinifupishie kwa "niko poa".

Ni mimi mama yako.