Upimaji wa damu uingie darasani, na mitihani iufuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kampeni za kupima damu za watu wengi ili kugundua maambukizi. Zinapofanyika, shule huombwa uwanja wa kuweka mahema, na wanafunzi hutumwa kupeleka ujumbe nyumbani. Basi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na naona tunaliacha somo zuri linapita mlangoni.

Mwanafunzi anayefaulu vizuri biolojia atakueleza kingamwili ni nini, ataitofautisha kingamwili, ambayo mwili huitengeneza kupambana na vimelea, na antijeni, ambayo ni chembe ya kimelea chenyewe, atachora seli nyeupe ya damu na kuipa majina ya sehemu zake. Sasa muulize hivi. Watu 10,000 wamepimwa, na walioambukizwa kweli ni 100. Kipimo kinawagundua 99 kati ya kila 100 wenye maambukizi, na kwa wasio nayo kinakosea mara moja tu katika kila 100. Mtu mmoja ameambiwa jibu lake ni chanya. Uwezekano wa kwamba ameambukizwa kweli ni kiasi gani?

Wengi watajibu asilimia 99, na watu wazima wenye vyeti vyao wamo. Wape karatasi wahesabu. Katika wale 100, chanya ni 99. Wasioambukizwa ni 9,900, na mmoja katika kila 100 ni 99 vilevile. Jumla ya chanya ni 198, na nusu yake si kweli. Kipimo hichohicho kipeleke mahali ambako walioambukizwa ni 2,000 kati ya 10,000: chanya za kweli zinakuwa 1,980 na za uongo 80. Hapo anayepata jibu chanya, uwezekano wa kwamba ameambukizwa unafika asilimia 96. Kipimo hakijaguswa; waliobadilika ni watu waliopanga foleni.

Aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hahitaji kukaririshwa kwa nini mtu haambiwi ana VVU kwa jibu moja. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linapendekeza majibu chanya matatu mfululizo, na sababu ni hiyohiyo: kadiri walioambukizwa wanavyozidi kuwa wachache miongoni mwa wanaopimwa, ndivyo sehemu ya chanya za uongo inavyokua. Mwanafunzi ataona pia kwamba jibu hasi nalo lina masharti yake. Kwa vipimo vya kingamwili, VVU huchukua kati ya siku 23 na 90 tangu kuambukizwa hadi vionekane. Aliyepimwa wiki moja baada ya kuambukizwa atarudi nyumbani na jibu hasi, na aliyempima hajakosea popote.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa matende na mabusha. Katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, wapimaji wanaotumia darubini kutafuta viluwiluwi, yaani vichanga vya minyoo inayouleta, hutoa damu kati ya saa nne na saa nane usiku. Mwambie mwanafunzi hivyo, kisha nyamaza. Usimpe sababu. Atakisia kwamba wapimaji wanawafuata watu saa ambazo wako nyumbani. Mwingine atasema joto la mchana linawaua wadudu. Yaacheni makisio hayo ubaoni, yajaribiwe moja moja. Ukiwakumbusha kwamba minyoo hii huenezwa na mbu, ambamo daktari Patrick Manson aliwaona viluwiluwi wakikua mwaka 1877 akiwa China, kuna mmoja atauliza mbu hao huuma saa ngapi. Hapo ndipo kazi inaanza. Mchana viluwiluwi hujificha zaidi katika mishipa ya mapafu. Usiku hujaa kwenye damu ya pembeni, karibu na ngozi, mbu wanapouma. Na kuna baadhi ya visiwa vya Pasifiki ambako mbu wanaoeneza ugonjwa huuma mchana, na huko viluwiluwi huonekana kwenye damu mchana. Mpe mwanafunzi habari hiyo ya mwisho kabla hajamaliza kujisifu, uone kama maelezo yake yatasimama.

Ukimaliza, mtupie hili: kikundi kilipima watu 500 saa tano asubuhi kwa darubini, hakikukuta kiluwiluwi hata kimoja, kikatangaza kwamba eneo ni salama. Kimekosea wapi? Kingetumia kipimo cha antijeni ya minyoo waliokomaa, ambacho saa ya kutoa damu haikisumbui, tamko lao lingepata nguvu kiasi gani?

Nitaambiwa muda hautoshi na silabasi ni ndefu. Haya yote yanaingia katika vipindi viwili, na vifaa vyake ni chaki na karatasi. Tena visiongezwe vingine. Mwanafunzi asichomwe sindano darasani, asiulizwe kama amepimwa, wala takwimu za majirani zake zisiletwe ubaoni ambako mtu anaweza kutambulika. Namba za kubuni zinatosha kabisa. Mwalimu atakayetaka mifano hai kutoka kwa wanafunzi wake atafute somo jingine.

Kizuizi halisi kiko kwa watunga mitihani. Swali la kutaja kazi nne za damu ni rahisi kusahihisha, nami nakiri kwamba nikiwa na rundo la karatasi mbele yangu hulipenda. Ila tukiendelea kuuliza hivyo, hakuna mwalimu atakayejisumbua na hesabu za chanya za uongo. Naomba katika kila mtihani wa biolojia liwepo walau swali moja linalompa mwanafunzi matokeo ya upimaji, aamue yanathibitisha nini na hayathibitishi nini, na alama nyingi ziende kwenye sababu anazozitoa. Anayefika kwenye jibu kwa kubahatisha apate alama moja. Anayekosea hesabu lakini akaona kwamba saa ya kutoa damu inaathiri matokeo, apewe zaidi.

Wako,
Mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari