Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kisanduku cha Lassie na Mengineyo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mchezo wetu wa geocaching, yaani kuficha visanduku vyenye daftari na kuvitafuta kwa GPS, mnazijua. Matembezi yalifanyika, visanduku vilikaguliwa, daftari zilizolowa zilibadilishwa. Mei 3 tuliadhimisha kisanduku cha kwanza cha mchezo wetu, kilichofichwa Oregon mwaka 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Picha mliziona WhatsApp.

Nitakalolieleza kwa kirefu ni kisanduku cha Lassie, maana maneno yamekuwa mengi, na mengi yamesemwa mimi nikiwa sipo.

Wazo lilikuwa langu. Waliosaidia kupaka rangi wanajijua, nawashukuru. Kwa wageni: Lassie ni kipindi cha televisheni kilichoanza kwenye CBS, kituo cha Marekani, mwaka 1954, kuhusu mbwa jike aina ya collie (aliyeigizwa na madume watupu), na nyota yake ya heshima ipo barabarani hapa hapa Hollywood. Mtafutaji hujibu maswali, na majibu humpa namba za GPS. Swali la mwisho: kipindi kiliisha mwaka gani? Tarakimu ya mwisho ya mwaka huo hukaa mara tu baada ya nukta kwenye dakika za latitudo, yaani namba ya kaskazini na kusini.

Ugomvi ulianzia hapo. Wenzetu kadhaa waliandika 1971, wakajikuta karibu mita 370 kusini, katikati ya mimea inayowasha, na wakarudi wakidai swali lifutwe. Wanasema CBS ilikiacha kipindi mwaka huo. Ni kweli, ilikiacha. Lakini vipindi vipya viliendelea kutengenezwa na kuuzwa kwa kituo kimoja kimoja hadi 1973. Sikuuliza CBS ilichoka lini. Kamati ilikaa, wajumbe wanne kati ya saba, akidi ikatimia, swali likabaki. Anayedai niliamua peke yangu asome kumbukumbu za kikao, zipo kwa katibu.

Lilikuja pia ombi la kukifukia kisanduku ndani ya kisima bandia kwa ajili ya Timmy, yule mtoto wa kwenye kipindi. Nililikataa. Kanuni haziruhusu kuchimba ardhi, na hata hivyo Timmy hakuwahi kutumbukia kisimani katika kipindi kile. Huo ni utani wa watu. Na kwa mzee wetu aliyehoji kwa nini Waswahili tuhangaike na mbwa: Mzee, shikamoo, ndani mna daftari na penseli tu.

Hazina: wanachama 38, waliolipa ada ya dola 30 ni 14, sawa na dola 420, salio la mwaka jana dola 155, matumizi dola 306, tumebaki na dola 269. Sanduku la chuma nililinunua kwa fedha zangu na sijadai. Mkutano wa Juni tulihudhuria sita, akiwemo mke wangu ambaye si mwanachama. Inasikitisha kwamba waliopiga kelele zaidi kuhusu 1973 ndio ambao mhazini hakumbuki ada yao ya mwisho.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza visanduku, pengine kimoja cha Rin Tin Tin, mbwa mwingine wa filamu, na safari ya Oregon fedha zikiruhusu. Fomu za uchaguzi zipo kwa katibu. Mimi bado nina nguvu, mkinihitaji. Mhazini atakaa mlangoni hadi saa kumi na moja jioni, na anapokea fedha taslimu.

Wenu,
Mwenyekiti