Bei za madaktari wa mifugo ziwekwe wazi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa huku Rungwe, mwezi uliopita mtamba wangu kashikwa na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, tezi za chini ya sikio zimevimba, anahema kwa shida, nikampigia daktari akaja na pikipiki akachoma sindano, akaandika elfu sitini kwenye kipande cha boksi la dawa, basi. Dawa shingapi, mafuta shingapi, ufundi wake shingapi, hasemi! Jirani, daktari huyohuyo, ugonjwa uleule, alilipa elfu thelathini na tano.

Sasa utabishana vipi na mnyama anakufa? Kata nzima yuko peke yake, anayepima ni yeye, anayeandika dawa ni yeye na duka la dawa ni lake.

Mbona kwenye kampeni ya chanjo ya 2025 serikali ilitangaza bei, ng'ombe shilingi 500 baada ya ruzuku, kila mfugaji akajua. Matibabu nayo yabandikwe bei mlangoni, na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ipo kwa sheria ya 2003, ifike na huku vijijini isiishie kukamata bidhaa feki mjini.

Mtamba kapona, namshukuru Mungu, ila mbuzi wawili nimeuza kulipa lile deni.

Mfugaji, Rungwe