Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nafsi ya Mlezi

Ndugu wanachama,

Hesabu zimeshakaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani dhiki ya mtu anayemlea mgonjwa wa dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Tumezoea kuwapa walezi mihadhara kuhusu ugonjwa na dalili zake. Mihadhara itaendelea, maana inawaondolea wengi hofu. Lakini mlezi anaweza kuuelewa ugonjwa barabara na bado usiku akakosa usingizi kwa majuto na uchovu. Maelezo matupu hayatoshi. Anahitaji tiba ya mazungumzo yenye mazoezi, na mtu wa kumwongoza.

Kamati imevutiwa sana na mpango wa START wa Uingereza, ulioongozwa na Profesa Gill Livingston wa University College London, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2013. Ni vikao 8, mlezi mmoja na mwongozaji wake. Mlezi hujifunza kuchunguza kinachotangulia tabia inayomchosha, kwa mfano mama anayeuliza swali lilelile kutwa nzima. Hujifunza pia kulipima wazo kama “nimemkaripia, basi mimi ni mtoto mbaya” kabla ya kuliamini, kuutuliza mwili, na kurudia walau jambo moja alipendalo. Sonona na wasiwasi vilipungua, na baada ya miaka 6 nafuu ilikuwa bado inaonekana.

Kilichonipa moyo zaidi ni kwamba waongozaji hawakuwa mabingwa. Walikuwa wahitimu wa saikolojia waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa na mtaalamu. Jambo hilo chama kama chetu kinaliweza.

Naomba tusiahidi kupita kiasi. Tiba haimrudishi mgonjwa alivyokuwa, na huzuni ya kumpoteza mtu angali hai haina budi kupewa nafasi yake. Hapo tiba ya kuikubali hali, yaani kujifunza kuishi na yasiyoweza kubadilika, huwafaa baadhi ya walezi. Tena mlezi aliyeelemewa kiasi cha kufikiria kujidhuru apelekwe kwa daktari mara moja, asingojee kikao.

Kikwazo kikubwa tunachokiona ni kwamba mlezi hawezi kuhudhuria kama hakuna wa kubaki na mgonjwa. Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kuwafundisha waongozaji wetu wa kwanza, na kuunda zamu ya wanachama watakaokaa na wagonjwa saa za vikao. Kura itapigwa leo, na katibu ataanza kuandika majina ya zamu mara baada ya mkutano.